Kauntabuku ya kwaya mbili na bolpen: rivyuu ya vifaa vya kuchora watu wakiwa kwenye mishe zao

Kama unataka kuchora watu wakiwa kwenye mishe zao, anayetembea, anayebeba, anayegombania mlango wa basi la mwendokasi saa kumi na moja jioni pale Gerezani, Dar, nunua kauntabuku ya kwaya mbili na bolpen ya Bic ya kawaida, basi, mengine mbwembwe. Asiye na muda aishie hapa. Mwenye muda avute kiti maana nina maneno, na baadhi ni ya kuwasema wanaotuuzia madaftari ya kuchorea kwa bei ya mfuko wa mchele.

Kwanza tuelewane ni uchoraji gani, sababu watu wengi ukiwaambia unachora wanakuletea picha ya harusi wanataka umtoe bibi harusi mpaka kope. Hapana. Hizi ni skechi za chapchap, nusu dakika, dakika moja, mbili zikizidi sana, mtu mzima kuanzia utosi mpaka kisigino, na unachotafuta sio sura yake, unatafuta anachofanya. Anavuta, anasukuma, anainama, anasubiri huku amenuna. Kule New York kulikuwa na mwalimu anaitwa Kimon Nicolaïdes, alifundisha Art Students League miaka ya 1920 na 1930, yeye wanafunzi wake walikuwa wanapigishwa hili zoezi kabla hawajagusa mambo ya mwanga na kivuli: modeli anakaa mkao kidogo tu anabadilisha, na wewe mkono hautakiwi kusimama, unakimbiza mwili unavyokwenda, mstari wa nje utajijua wenyewe. Mpaka leo madarasa mengi ya kuchora mwili yanaanza na mikao mifupi hivyo hivyo ili mkono upate moto.

Sasa modeli wa New York angalau alikuwa analipwa asimame. Wa Kariakoo nani amlipe? Kuna maneno ya Delacroix, yule mchoraji wa Ufaransa wa karne ya 19, Baudelaire aliyaandika mwaka 1863, kwamba kama huwezi kumchora mtu anayedondoka kutoka dirisha la ghorofa ya nne kabla hajagusa chini, sahau kufanya kazi kubwa kubwa. Roho mbaya kabisa, lakini mtu akikaa Buguruni saa moja asubuhi na daftari anaelewa jamaa alikuwa anaongelea nini, sababu konda anayerukia mlango gari ikiwa imeshaondoka anakupa muda mdogo kuliko huyo anayedondoka.

Ndo maana kwenye hii kazi kifaa nakipima kwa kitu kimoja tu. Kinakuacha umwangalie mtu, au na chenyewe kinataka kuangaliwa? Uzuri wa karatasi, jina kubwa, kava la ngozi, hivyo vyote vinakuja baadaye kama vinakuja.

Tuanze na kauntabuku. Kila aliyepita sekondari hapa Bongo anaijua, jalada gumu, uti wa mgongo umefunikwa kitambaa, mistari ndani. Kwaya moja kurasa 96, kwaya mbili 192, kwaya tatu 288. Kwaya tatu ni nzito, ukiishika mkono mmoja umesimama kituoni bega linaanza kulalamika kabla ya basi kufika, na kwaya moja jalada lake linapinda halafu inaisha mapema. Mbili ndo yenyewe, unaiegemeza kwenye mkono kuanzia kiwiko mpaka kiganja na imeshakuwa ubao, huhitaji meza wala klipu wala nini. Nimechora nayo nimesimama ndani ya daladala mkono mmoja uko kwenye bomba, daftari limebanwa kati ya tumbo na siti ya mbele, na ikakubali.

Swali la kila mtu ni ile mistari. "Si inaharibu mchoro?" Mimi nasema mistari ndo sababu ya kununua. Sikiliza. Mtu akisimama uzito wote akautupa mguu mmoja, ile wanayosimama mama zetu kwenye foleni ya maji, nyonga ya upande wa huo mguu inapanda na bega la upande huohuo kwa kawaida linashuka, mwili unapinda katikati ili mtu asianguke. Hicho ndo kinafanya mchoro uonekane una uhai. Kwenye karatasi tupu mkono una tabia ya kulazimisha mabega yawe sawa na kiuno kiwe sawa, unapata mtu kasimama kama kapigiwa mstari. Kwenye kauntabuku mistari ipo tayari, ukiweka bega la kushoto kwenye mstari wa saba na la kulia lipo karibu na wa sita unaona kabisa mlalo umeupata au hujaupata. Na kama yako ina ule mstari wa pembeni wa kusimama, ndo umepewa timazi bure: anza na shimo la shingo kwenye huo mstari, shuka moja kwa moja, mguu uliobeba uzito utaukuta uko maeneo hayo hayo. Usipoukuta hapo, basi ama mtu wako ameegemea kitu, ama kabeba kitu, ama anaanguka. Mwenye ndoo ya maji mkono wa kulia atalalia kushoto. Wa kichwani hatalalia popote, shingo imenyooka, kichwa kinapita pale pale kama kipo kwenye reli, kazi yote inafanywa na kiuno na magoti.

Matatizo yapo, tena mengi. Karatasi nyepesi, ukikandamiza alama inatokea upande wa pili na nyingine inaingia ukurasa unaofuata, kwa hiyo mimi nachora upande mmoja tu na ile 192 inakuwa 96, piga hesabu zako vizuri. Katikati kwenye mkunjo hapachoreki. Na masika, ile Machi mpaka Mei, unyevu wa huku pwani unafanya kurasa zinakuwa laini laini, peni inakwama kidogo. Jalada likilowana linavimba, na likilowana Feri haswa, maji ya samaki, andika umepoteza, hiyo harufu haitoki hata uianike wiki. Nawekaga kwenye mfuko wa nailoni ule mgumu. Nane ya kumi.

Bolpen. Hapa ndo watu wa sanaa wananikunjia sura. Ile Bic ya plastiki inayoonyesha wino, Marcel Bich aliiingiza sokoni Ufaransa mwaka 1950, kigololo cha kwenye ncha kikiwa kimefanikishwa na László Bíró, Mhungari aliyehamia Argentina, na umbo mpaka leo ni karibu lile lile. Umeshajiuliza kwa nini ina pande sita badala ya kuwa duara? Haibingiriki. Uko kwenye benchi la pantoni linayumba unataka kufungua ukurasa, unaiweka chini inatulia. Kitobo cha kwenye kifuniko ni ili mtoto akikimeza hewa ipite, na kile cha ubavuni ni cha kusawazisha mgandamizo wa hewa wino uweze kushuka. Mwili unaonyesha, unajua wino umebaki kiasi gani kabla haujakuaibisha katikati ya mtu.

Lakini kilichonifanya niipende ni kwamba bolpen inasikia mkono. Watu wanadhani ina rangi moja, sio kweli. Ukiipitisha bila kuilalia inatoa mstari hafifu wa kijivu au bluu unaokaribia kutoonekana, hapo unamtafuta mtu wako, mgongo uko hivi, hapana uko hivi, unazungusha zungusha, mistari mitatu minne inapita hewani, ukishaona umempata unakandamiza ule mmoja ulio wa kweli. Ile mingine inabaki nyuma na ndo inaonyesha kwamba mtu alikuwa anatembea. Na haifutiki! Hilo kwangu ni sifa. Ukiwa na ufutio utafuta, na wakati unafuta kuli wako ameshafika Msimbazi.

Ubaya wa bolpen zote za wino wa mafuta ni yale mavidonge, unakuja vizuri ghafla donge la wino limekaa kwenye shavu la mtu. Kipande cha tishu mfukoni, unafuta ncha kila baada ya michoro kadhaa, inaisha. Na usiiache kwenye dashibodi ya gari jua la saa saba, ikivuja usije kuniuliza. Tisa ya kumi.

Sasa nilikozijaribu. Feri kwanza, soko la samaki, kwa sababu Feri ndo shule. Pale hakuna mtu aliyekaa bure, na kazi zenyewe zinajirudia, na hii ndo siri ambayo laiti mtu angeniambia mapema ningeshachora nusu ya Dar: usimfukuzie anayepita, tafuta anayerudia. Vijana wanaopaa samaki. Mkono wa kushoto umekamata mkia, wa kulia unakwangua kwenda kichwani, anageuza, anakwangua, anatupa kwenye beseni, anachukua mwingine, na ule mkao wa kwanza unarudi kama ulivyokuwa. Unaanza watu watatu kwenye ukurasa mmoja: mmoja anakwangua, mmoja anageuza, mmoja anainama kwenye beseni. Kila mkao ukirudi unaongeza mstari kwa mtu wake. Ndani ya dakika chache una ukurasa umejaa na wote ni kijana mmoja.

Na ukikaa hapo unaanza kuona vitu ambavyo kwa macho ya kununua samaki huvioni. Nilidhani kupaa samaki ni kazi ya kiganja. Kumbe ni ya bega. Kiganja kimekazwa tu hakichezi, bega ndo linasukuma, na kila linaposukuma goti la upande ule linakunjika kidogo sana, mara moja, linarudi. Goti! Nilipoliweka hilo goti kwenye mchoro yule kijana wa kwenye karatasi akaanza kupaa samaki kweli, kabla ya hapo alikuwa kashika samaki tu.

Kuna jambo moja la kauntabuku ambalo hakuna duka litakuambia. Ukikaa Feri na kauntabuku na bolpen, unaangalia watu halafu unaandika, unafanana na mtu wa ushuru. Haikuchukua muda.

"We dada, umetumwa na manispaa?"

"Hapana kaka yangu, nachora tu."

"Unachora nini?"

"Wewe hapo."

Akaja na kisu chake na magamba mpaka kwenye kope, akachungulia. "Sasa mbona sina macho?"

"Hujatulia nikayaona."

Wenzake wakacheka, ikawa basi, nimeshakuwa mtu wa pale. Baadaye mama mmoja anayekaanga alinipitia nyuma, nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku macho yako kwenye ukurasa, kimya, halafu, "Marahaba mwanangu. Na huo mgongo wangu wote umeutoa wapi?" Nikamwambia mama, ndo nilivyouona. Akasema kama ni hivyo nimpunguzie. Sikumpunguzia, bolpen haifutiki.

Kwenye mwendokasi mambo ni mengine. Toka yaanze mwaka 2016 njia ya Kimara kuja mjini sijawahi kuona sehemu nzuri ya kusoma uzito wa mwili kama ile, yani watu hamsini wamesimama wameshika vishikio, dereva anakanyaga breki, wote wanalala mbele pamoja, anaondoka, wote wanarudi nyuma, na kila mtu ana namna yake ya kukataa kuanguka. Mwenye mtoto mgongoni anatanua miguu. Mwanafunzi anazungusha kiwiko kwenye bomba ili mikono ibaki na simu. Mzee ameshika kwa mikono miwili juu, mwili wote unaning'inia kutoka hapo. Usichore sura humo, kwanza huwezi kumkazia mtu macho kwa umbali ule bila kutafuta ugomvi, chora mikono na inavyobeba mwili. Mistari itatetemeka, iache itetemeke.

Kariakoo nimeenda kwa ajili ya kutembea, na kutembea ndo kugumu kuliko yote kwa sababu jicho linatudanganya. Mwaka 1878 kule California, Eadweard Muybridge alipanga kamera kando ya njia akampiga picha farasi anakimbia, ikaonekana upo wakati miguu yote minne iko hewani, tena imejikunja chini ya tumbo, wakati wachoraji walikuwa miaka nenda rudi wanaichora imenyooshwa mbele na nyuma. Jicho la binadamu halikuweza kusimamisha kile kitu. Kwa mtu ni hivyo hivyo, ila angalau kuna kanuni ya kukusaidia: anayetembea siku zote ana mguu mmoja chini, anayekimbia ndo ana kipande ambacho yote iko juu. Ukimchora mtu hajagusa chini popote umemchora anamkimbiza kibaka. Mkono wa kulia unakwenda na mguu wa kushoto. Kisha chagua wakati mmoja tu wa hatua, mimi nachagua ule kisigino cha mbele kinagusa chini na cha nyuma kimeinuka, naukazia macho huo huo, nafumba jicho sekunde, nachora kilichobaki kichwani. Kikipungua kitu namkopa anayefuata. Mguu wa huyu, mkono wa yule, kitenge cha dada anayekuja nyuma yao. Mtaa wa Kongo hauishiwi miguu.

Wasukuma mikokoteni ndo watamu zaidi. Mzigo ukiwa mwepesi jamaa anatembea karibu wima, anapiga mluzi. Ukiwa mzito mwili wote unalala mbele mpaka ukiondoa mkokoteni ataanguka na uso, mguu wa nyuma umenyooka kutoka kisigino mpaka nyonga, kichwa kimeshuka kati ya mikono. Huyo anachorwa kwa mstari mmoja mrefu, kuanzia kisigino cha nyuma, mgongoni, mpaka viganjani. Ukiupata huo mstari kazi imekwisha, magurudumu ongeza ukifika nyumbani.

Na hapo ndo niongelee ile peni ya brashi, maana kwa mstari wa mkokoteni haina mpinzani. Ile peni ya wino yenye ncha laini ya manyoya, unaikandamiza mstari unanenepa, unaiinua unakonda, mgongo wa mtu anayesukuma unautoa kwa pumzi moja. Nzuri sana. Ila kwenye kauntabuku inapita mpaka ukurasa wa tatu, ndani ya gari ni balaa, kila tuta doa, na kuipata hapa mjini lazima ubahatishe au uagize. Mimi naitumia na karatasi za A4 za rimu, zile za gramu 80 za kuprintia, rimu moja shiti 500, nazibana kwenye ubao wenye klipu. Kama umeshazoea skechi na una pesa ya kuchezea, ichukue. Kama ndo unaanza itakuchanganya, utakuwa unaangalia mistari inavyopendeza badala ya kumwangalia mtu.

Penseli nitapita haraka. HB ni ngumu kwa kazi hii, chukua 4B au 6B. Chini ya mti, kwenye kivuli, kwa wachongaji wa Mwenge kwa mfano, penseli ni raha, na pale kuna faida ya ziada sababu wanaokaa kuchonga hawahami, halafu vile vinyago vya ujamaa vya Wamakonde, watu wamepandana toka chini mpaka juu, ni mazoezi tosha ya mwili ulioshikilia mwili mwingine bila hata mmoja wao kukukimbia. Ila nje ya hapo, jasho la mkono pamoja na 6B ni ukurasa mzima umekuwa moshi. Na kuchonga penseli katikati ya Feri nani ana huo muda.

Haya, lile daftari la kuchorea. Niliuziwa na duka moja la vifaa vya sanaa, jina naliacha, kava zuri, kamba ya kufungia, karatasi nene nyeupe nimeambiwa haipitishi wino. Kweli haipitishi. Tatizo nilikuwa naogopa kuligusa. Kila ukurasa nikipiga mahesabu naona ni sahani ya wali samaki kabisa, sasa huo moyo wa kuweka skechi ya sekunde ishirini ya mtu asiye na kichwa unautoa wapi? Matokeo nikawa nachagua watu "wazuri", waliokaa, waliotulia, nachora polepole, yani daftari likaanza kunichagulia cha kuchora. Halafu lina waya pembeni, waya unashika mkoba, shati, ukanda wa jirani kwenye siti. Lipo kabatini. Kwa picha za kukaa na kumalizia nyumbani ni zuri tu, sina ugomvi nalo.

Tableti nimejaribu ya rafiki na jibu langu ni fupi. Jua la Dar huoni kioo. Dirisha la daladala likiwa wazi kwenye foleni ya Tazara unaishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Na watu wanadhani unawarekodi, wanageuka, wanafunika nyuso, wengine wanakuja kwa shari. Kauntabuku hakuna mtu aliyewahi kuikwapua kwenye historia ya jiji hili.

Ambalo linanileta kwenye adabu, maana kuna mtu atasoma hapa kesho aende kumkodolea macho mke wa mtu. Salimia. Ukiona mtu amekuona, onyesha ukurasa kabla hajauliza. Akikataa fungua ukurasa mwingine chora mbuzi. Kwenye sehemu zenye walinzi, geti, askari, funga daftari, haina haja ya kuanza kueleza sanaa ni nini. Watoto usiwachore bila mkubwa wao kujua. Ukiona mtu amekupenda bure, kama yule wa kisu, chana ukurasa mpe, kurasa unazo.

Watakaouliza wajifunze kwa nani, mtaani wachoraji tunao. Chukua katuni za Gado, mzaliwa wa hapa hapa Dar mwaka 1969, ziba nyuso kwa kidole uangalie miili peke yake, au za Masoud Kipanya, uone mtu anavyosimama kabla hajasema kitu kwenye kiputo cha maneno. Madarasa, sijui studio ya kulipia, subiri kwanza. Kituo chako cha basi ni bure na modeli wanabadilika kila gari ikifika.

Bei na pa kununulia. Kariakoo kwenye steshenari za jumla, kauntabuku na bolpen pamoja unapata kwa chini ya elfu kumi na chenji inarudi, mjini Posta utaongezea kidogo. Usiende Januari, shule zinafunguliwa, wazazi wote wa Dar wako pale na muuzaji hana muda na wewe wala na bei yako. Ukishaiona unayoitaka ifungue katikati, sio mwanzoni, vuta kurasa taratibu uone uzi unashika, kama unacheza rudisha chukua nyingine, muuzaji akisonya msamehe. Pitisha kucha kwenye karatasi, ikitoa vumbi vumbi itaziba ncha ya peni. Na bolpen usinunue moja, nunua kadhaa, kwa sababu ukikaa popote mji huu na bolpen mkononi lazima atokee mtu, "dada naomba hiyo peni niandike namba mara moja," na ndo imeshaenda Mbagala.